Kulala bure kando ya ziwa lililokauka

NENO kambi, kwa wengi wetu tunaosoma ukurasa huu, lina maana moja tu. Kwa waliokimbia 1993 na kufikia Lukole au Mtabila, ni shitingi, kadi ya mgawo na foleni ya maji. Kwa sisi watoto wa 1972 tuliozaliwa Ulyankulu, Katumba na Mishamo, shitingi tulizisikia kwa wazazi tu, maana tulikuta nyumba za matofali na mashamba ya tumbaku. Lakini kibali cha kutoka tulikikuta. Ukitaka kwenda Tabora mjini kumwona mgonjwa, unaomba karatasi. Ukitaka kulala huko, karatasi iseme hivyo.

Ndiyo maana wanafunzi wangu hapa Rumonge hucheka ninapowaambia kwamba wako watu duniani wanaolipa nauli, wanabeba hema, wanakwenda kulala porini kwa hiari yao na wanaita kambi. Mmoja aliniuliza, "Mwalimu, na nani anawakimbiza?"

Mwaka 2022, katika likizo ndefu ya Agosti, nililala kambi ya namna hiyo kwa usiku tatu. Haikuwa utalii. Nilimsindikiza mdogo wangu, mtoto wa baba mdogo, ambaye hakurudi nasi mwaka 2009. Yeye ni mmoja wa wale wakimbizi wa 1972 wapatao 162,000 waliochagua kubaki Tanzania wakapewa uraia. Leo anakaa Kahama na ananunua vitunguu Mang'ola, kando ya Ziwa Eyasi, mkoani Arusha. Aliniambia, "Kaka, wewe unafundisha jiografia ya maziwa ambayo hujayaona. Njoo uone moja lisilo na maji."

Safari yenyewe wafanyabiashara wa Kobero wanaijua kuliko mimi. Unavuka Kabanga, unapita Benako, ambako mwaka 1994 palikuwa na mojawapo ya makambi makubwa kabisa duniani, kisha Nyakanazi hadi Kahama. Hapo nilipanda Fuso ya mdogo wangu. Nzega, Igunga, Singida, halafu Katesh chini ya Mlima Hanang (mji ule ambao Desemba 2023 ulikuja kufunikwa na tope lililoporomoka mlimani), Babati, Makuyuni, Mto wa Mbu, na kupanda hadi Karatu. Karatu ni mji wa wilaya wenye pilikapilika, kwa sababu magari yote ya watalii wa Ngorongoro hupita katikati yake. Ukiupita mji kidogo unaiacha lami ya watalii, unakata kushoto na kuteremka bondeni kwa kilomita kama 50. Sisi tulikula vumbi njia nzima.

Joto ndilo linalokupokea. Karatu asubuhi unavaa sweta. Mang'ola saa nane mchana unatafuta kivuli cha mkoche. Mbele yako kuna uwanda mweupe usio na mwisho, na ng'ambo yake ukuta wa Bonde la Ufa. Uwanda huo ndio ziwa.

Eyasi lina urefu wa kilomita kama 80 na limo mita zaidi ya 1,000 juu ya usawa wa bahari. Mto Sibiti huliletea maji kutoka kusini-magharibi na Mto Barai kutoka kaskazini-mashariki, lakini hakuna mto unaotoka. Kinachoingia hakina njia nyingine isipokuwa kupanda angani. Jua linachukua maji na kuacha chumvi na magadi. Ziwa ni la kina kifupi sana, hivyo kiangazi kikiwa kikali maji hujikunja na kuacha ardhi tupu upande mkubwa. Mvua zikizidi, kama zile za El Nino za 1997 na 1998, maji hurudi, na kambare na perege hurudi, na wavuvi nao. Kwa hiyo wenyeji hawasemi kwamba ziwa limekufa. Wanasema limekwenda.

Sasa swali la msomaji: watu wanafanya nini pale?

Wanangoja vitunguu. Chini ya milima ya Ngorongoro kuna chemchemi zinazotoa maji baridi mwaka mzima, umbali mdogo tu kutoka kwenye ziwa la chumvi. Maji hayo yamechimbiwa mifereji, na mifereji imeleta mashamba. Kuanzia katikati ya karne iliyopita watu wa makabila mengi wamehamia kulima, na leo kitunguu cha Mang'ola kinajulikana Arusha, Dar es Salaam, Nairobi na hata huku kwetu. Pale Ghorofani wakati wa mavuno utasikia lugha zote za Afrika Mashariki, pamoja na Kirundi. Niliposikia mtu akimtukana punda kwa Kirundi nilikaribia kumkumbatia.

Gesti zipo, lakini mwenye mzigo halali gesti. Mdogo wangu alinieleza sababu tukiwa tunafunga turubai. Kitunguu kilichong'olewa leo hakifungwi leo. Huanikwa kivulini mpaka shingo ikauke na kujifunga, ndipo hukatwa ikiachwa sentimita mbili au tatu. Ukikikata kibichi, maji huingia shingoni na kabla hujafika Kahama gunia linanuka. Katika siku hizo za kungoja, mnunuzi akilala mbali, dalali anajaza vidogo katikati ya gunia na vikubwa juu. Na ukiwa mbali huoni lumbesa inavyoshonwa. Sheria ya vipimo ya Tanzania hairuhusu gunia la mazao kuzidi kilo 100, lakini kile kilemba kinachoshonwa juu ya gunia mkulima hukiita wizi na mnunuzi hukiita desturi. Mimi nasimama na mkulima. Mdogo wangu alinyamaza nilipomwambia hivyo.

Basi madereva, matingo na wanunuzi wanalala nje, kwenye ardhi iliyo wazi kati ya mikoche na ziwa. Hakuna lango, hakuna risiti, hakuna anayeuliza jina. Fuso hupangwa mkingamo upande unakotoka upepo, turubai huvutwa kutoka kwenye bodi hadi chini, na tayari una nyumba. Mimi nilichukua dakika nne. Utingo wetu, kijana wa Igunga, alishangaa. "Mwalimu, umefundishwa wapi?" Nikamwambia mama yangu alifundishwa mwaka 1972, mimi nimerithi.

Kwa anayefikiria kulala pale, nitasema niliyoyaona na kuambiwa.

Usiingize gari juu ya ziwa kwa kuwa linaonekana kavu. Juu kuna ganda jeupe la chumvi linalovunjika kama papadi, na chini yake kuna tope la rangi ya majivu. Siku ya pili tuliona pikipiki imezama hadi ekseli, na mwenyewe amekaa kando yake anavuta sigara kama mtu aliyefiwa. Ukitembea kwa miguu, fuata nyayo za ng'ombe.

Usipige hema uwandani. Alasiri upepo unaamka na kubeba vumbi lenye magadi. Macho yanawasha, midomo inapasuka, na ugali unakuwa na chumvi ambayo hukuitia. Kaa nyuma ya miti. Lakini ukikaa karibu mno na mifereji, mbu watakumaliza, kwa hiyo chandarua ni muhimu kuliko godoro.

Maji ya kunywa nunua au chukua kwenye chanzo chenyewe. Maji ya mfereji yamepita katika mashamba yanayopigwa dawa za wadudu, na kuchemsha hakuondoi sumu ya dawa. Niliwaona watoto wakiyanywa kwa viganja.

Kuni usikate. Za kuokota zipo kidogo, na mama lishe mmoja huleta chai na maandazi saa kumi na moja alfajiri hadi kwenye magari. Usiku fisi hulia, lakini walitukaribia mara moja tu, kwa ajili ya mifupa ya mbuzi. Nge ni hatari zaidi. Kung'uta viatu.

Usiku wa kwanza sikulala haraka. Hapakuwa na taa isipokuwa mkaa wa jiko na mbalamwezi juu ya ile chumvi. Uwanda ulikuwa mweupe kiasi kwamba ungeweza kusoma daftari. Nilikuwa nimelala chini ya turubai katika nchi niliyozaliwa, ambayo kwa miaka 29 sikuruhusiwa kulala nje ya makazi bila karatasi, na sasa nilikuwa mgeni halali mwenye mhuri wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo Burundi ilijiunga nayo Julai 2007. Naweza kulala popote. Hicho ndicho kilichonikosesha usingizi.

Alfajiri ya siku ya pili tuliamshwa na kengele za ng'ombe.

Wanyama walikuwa wengi, wamesimama mbele ya magari manne yaliyokuwa yamepangwa mstari, hawana pa kupita. Nyuma yao walikuwa vijana wawili na mzee mmoja wa Kidatoga, shuka la rangi ya udongo begani, fimbo mkononi. Madereva wale wa kutoka Arusha walikuwa wamefika siku tatu kabla yetu na kuegesha kati ya vichaka viwili vya mikoche. Kumbe pale katikati ndipo njia ya mifugo kuelekea kwenye maji.

Mzee hakupiga kelele. Aliuliza nani mkubwa wa magari haya. Dereva mmoja, akiwa bado amejifunga shuka kiunoni, akajibu kwamba hapa ni ziwani, ni mali ya serikali, kila mtu analala bure.

Mzee akasema, "Serikali hainywi maji hapa. Ng'ombe ndio wanakunywa."

Dereva akamwambia azunguke. Mzee akaonyesha kwa fimbo: kulia mashamba ya vitunguu, yamezungushiwa miba, kushoto tena mashamba, nyuma mfereji. Zamani, alisema, njia zilikuwa nyingi. Sasa imebaki hii, na kila msimu wa vitunguu inageuka hoteli. Kijana mmoja alikuwa ameanza kusogea karibu na tairi, na matingo watatu walikuwa wameshuka na spana mikononi. Sote tulijua asubuhi ile ingeweza kwenda vibaya.

Hapa inabidi niseme jambo la kwetu, maana ndilo lililonifanya niinuke. Baba yangu aliacha shamba la michikichi hapa Rumonge mwaka 1972. Tuliporudi mwaka 2009 tulikuta familia nyingine imekaa humo zaidi ya miaka thelathini. Hawakuwa wezi. Waliambiwa na ofisi moja, enzi hizo, kwamba ardhi ile ni tupu, haina mwenyewe, ni bure. Walipanda, wakazaa, wakazika. Tulikaa nao kwa mazungumzo miezi kumi na moja, na mwisho tukagawana shamba kati, mstari ukapita mlangoni kwao. Wengi mnaosoma hapa mna hadithi kama hii, wengine mko upande huu wa mstari, wengine upande ule. Kwa hiyo mtu akisema ardhi hii haina mwenyewe, mimi husimama.

Nikamwamkia mzee shikamoo, nikajitambulisha kuwa mwalimu kutoka Burundi, nikamwomba anionyeshe njia inaanzia wapi na kuishia wapi. Tulitembea wote wawili. Njia ilikuwa imechimbika kwa kwato kama mfereji mkavu. Hata mtoto wa darasa la tatu angeiona kama gari halijakaa juu yake. Niliporudi nikamwambia yule dereva, kwa sauti ya kawaida, kwamba ng'ombe wakipita dakika kumi na tano zimekwisha, na wasipopita tutakaa na vitunguu vyetu mpaka polisi waje kutoka Karatu, huku gharama ya gari inahesabika kwa siku. Mdogo wangu akaongeza kuwa yeye anaondoa lake kwanza, ingawa halikuwa njiani. Akaliwasha. Baada ya hapo wengine waliwasha moja moja, mmoja akitukana.

Jioni mzee alikuja kwenye moto wetu, peke yake. Alikunywa chai yenye sukari nyingi na kutaka kujua kama ni kweli ng'ombe wa Burundi wana pembe ndefu kuliko mkono wa mtu. Nilimwambia ni kweli, na kwamba siku hizi wamebaki wachache. Akasikitika kwa dhati, kuliko alivyosikitika kuhusu jambo lolote la kwetu nililomsimulia.

Alinieleza kwamba hata wao si wa kwanza pale. Wa kwanza ni Wahadzabe, wawindaji na warina asali wenye lugha ya mdoko, ambao idadi yao ni kama watu 1,000 na ushei. Maji ya chemchemi, mizizi na matunda ya ukanda ule yalikuwa riziki yao. Mashamba yamewasukuma kwenye vilima vya mawe. Upande wa Bonde la Yaeda, kusini mwa ziwa, baadhi yao walipata hati ya kimila ya ardhi mwaka 2011. Wahadzabe wa Mang'ola wanaonekana zaidi asubuhi, watalii wakija kuwapiga picha na upinde. Wadatoga nao wana mafundi chuma wanaoyeyusha kufuli na mabomba ya zamani kuwa bangili na vichwa vya mishale, na mishale hiyo Wahadzabe huinunua kwa asali. Miaka ya 1930, Mjerumani Ludwig Kohl-Larsen aliokota kando ya ziwa hili vipande vya fuvu la mtu wa kale. Kwa maneno mengine, watu wamekuwa wakipiga kambi pale tangu zamani ambazo hakuna hati inayozifikia.

Siku ya tatu nilikwenda ofisi ya kijiji, kwa udadisi wa kiualimu. Nilichoelezwa pale kinawahusu wafanyabiashara wa mpakani kuliko watalii. Kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji Namba 5 ya 1999, ardhi ya kijiji inasimamiwa na Halmashauri ya Kijiji kwa niaba ya wanakijiji, na ndani yake kuna ardhi ya pamoja kama malisho na njia za mifugo. Kwa hiyo kule kuona hakuna ua wala lango hakumaanishi hakuna mwenyewe. Sheria ya Mazingira ya 2004 nayo inakataza shughuli za kudumu, au zinazoweza kuharibu mazingira, ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa au mto. Anayelala usiku mbili kwenye Fuso hasumbuliwi, ila anatakiwa apite kwa mwenyekiti wa kijiji au wa kitongoji aseme ni nani, anatoka wapi, na anangoja mzigo wa nani. Ni dakika tano. Mwenyekiti niliyemkuta aliandika jina langu kwenye daftari la shule lenye picha ya twiga, akaniuliza kama nina shida yoyote, akanionyesha upande ambao magari yanaweza kukaa bila kuziba njia. Hakudai hata shilingi. Wageni wa utalii ni habari nyingine: wao hupita ofisi ya utalii wa utamaduni, hulipa na kupewa mwongozaji, na kambi zao chini ya mikoche ni za kulipia.

Nakiri kwamba kuandikwa jina daftarini kulinishtua kidogo. Mkono wa karani na jina langu vina historia. Lakini kuna tofauti. Karatasi ya zamani ilikuwa ya kunizuia kutoka, na daftari hili lilikuwa la kujulisha jirani kwamba nimefika.

Kwa wenye nia ya kununua, mambo ya mpakani ni yale yale. Chukua cheti cha afya ya mimea kabla ya kupakia, si Kabanga. Mzigo mdogo wa bidhaa zilizozalishwa ndani ya Jumuiya, usiozidi dola 2,000 za Marekani na uliomo kwenye orodha, hupita kwa utaratibu rahisi wa forodha na cheti chake hutolewa mpakani. Ukizidi hapo tafuta wakala wa forodha. Stakabadhi ya ushuru wa mazao uliolipia Karatu itunze, kwa sababu itaulizwa katika kila kizuizi cha njiani.

Tulipakia usiku wa tatu kuamkia siku ya nne, kwa tochi, ili vitunguu visipigwe na jua. Magunia yalipangwa kwa kuachiana nafasi ya hewa, na turubai likafungwa juu tu, pembeni pakabaki wazi. Mzee hakuja kuaga, ila wale vijana wawili walipitisha ng'ombe saa kumi na mbili, na mmoja alipiga bodi la gari letu mara mbili kwa fimbo, kama mtu anavyopiga mlango wa jirani. Kahama tulifika siku ya pili usiku. Magunia mawili ya chini yalikuwa yameoza, yote kutoka kwa dalali mmoja, na mdogo wangu alimpigia simu pale pale, tukiwa hatujashusha hata nusu ya mzigo.